Fonti Nono, Mkono Feki

Kam hapa stage nikuonyeshe aibu yangu. Cheki juu, hapo kwa mlingoti wa stima karibu na kinyozi. Hiyo bango ya mita mbili, yellow juu ya black. Inasema CHAKULA YA MTAA. Chini yake SMOCHA 50, halafu vibox viwili vitupu. Si finje. Ni finje boksi boksi.

Hiyo ni kazi yangu. Na nililipwa. Usicheke bado, kuna yenye iko mbele.

Jamaa wa smocha ndiye alinitafuta. Kama hujui smocha ni smokie ndani ya chapo na kachumbari, basi wewe unaishi nyuma ya geti ya umeme na siwezi kukuhurumia. Akaniambia, "Msee wangu, si wewe ni mtu wa lapi? Nitengenezee bango kali. Sitaki kama ya mzee wa duka." Ya mzee wa duka iko na Times New Roman, nyeusi juu ya nyeupe, inakaa tangazo la kifo. Watu wakipita hapo wanapunguza sauti. Tukakubaliana bei: smocha moja kila siku, wiki mbili. Madizaina wa tao hulipwa na exposure. Mimi nililipwa na exposure yenye iko na pilipili.

Sasa, saa hii kila mtu anadai fonti nono. Unazijua. Herufi zimeshiba, zimepinda kidogo, hakuna mstari umenyooka, ni kama mtoi amezikata na makasi akiwa amepiga soda mbili. Ziko kwa kava za ngoma, kwa matisho, kwa flyer za ploti, kwa pakiti za crisps, kwa thumbnail za YouTube. Zile fonti nyembamba safi safi zimechosha watu. App ya kukopesha, app ya kuleta dishi, app ya kufua nguo, zote zinakaa watoto wa mama mmoja, na zote zinakudai. Fonti nono inakaa msee mwenye unaweza kusalimia kwa gota.

Nikazama mtandaoni nikapata moja, moto ya kuotea mbali. Free. Hiyo neno free iweke kwa mfuko, tutaitoa baadaye. Nikapanga maneno, nikaprint pale tao, ngiri moja na kitu, pesa ya jamaa. Tukapandisha. Mbogi ikapiga picha. Mimi niko hapo chini mikono kiunoni, ni kama nimejenga Expressway.

Halafu akakuja mtoi. Grade four hivi, bag kubwa kumliko. Akaangalia juu mda mrefu, akauliza, "Mbona A zote ziko na kidonda pahali pamoja?"

Maze.

Na ni ukweli. A ya hiyo fonti iko na kapengo kwa mguu wa kushoto, chini chini, ni kama panya ameionja akaiacha. Ukiona moja inabamba. Unaona mtu, unaona kisu kimeteleza. Lakini bango iko na A sita. CHAKULA mbili, YA moja, MTAA mbili, SMOCHA moja. Panya ule ule, meno yale yale, mguu ule ule, mara sita. Na hapo kwa MTAA ndio nilitaka mtaro unimeze, juu A mbili zimekaa bega kwa bega, mapacha, kila mmoja na kidonda chake. Hakuna mkono wa mtu hufanya hivyo. Hata ukijaribu hautaweza.

Na hii ndio kitu hakuna tutorial itakuambia, juu wasee wa tutorial wanaandika Kizungu. Kizungu kinapenda E. Kiswahili ni A, A, A. KARANGA, tatu. MAHARAGWE, tatu. BARABARA, nne. Chukua menyu yoyote ya kibandaski: chapati, mandazi, samaki, kachumbari, bhajia. Hiyo si menyu, ni mkutano wa A na hakuna mwenye ametuma apology. Kuku ndiye amesalimika. Kwa hivyo fonti yenye imechorewa A moja pekee, ikishuka Nairobi, inavuliwa nguo kabla ya lunch.

Wenye walijipanga huchora A tatu ama nne tofauti ndani ya file moja, halafu programu inazizungusha yenyewe ukiendelea kuandika. Ya kwanza imeinama, ya pili imenenepa, ya tatu iko sober. Hiyo setting inaitwa contextual alternates. Illustrator inaijua. Hata Word ya fathe inaijua, iko imefichwa kwa Font, upande wa Advanced, na fathe hajawahi fika huko tangu anunue hiyo mashine. Kama fonti yako haina hizo alternates, geuza maandishi yawe mashepu, halafu shika A moja moja kwa shingo. Hii inamishe. Hii iongeze kitambi. Hii izibe kidonda. Kwa bango yangu hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na haraka ya smocha.

Kuna ingine. Rudi uangalie YA. Hapo katikati ya Y na A kuna nafasi donda anaweza kupitisha mguu. Y imefungua mikono juu, A imetanua miguu chini, na kila mmoja anakataa kusogea, ni kama watu wawili wamekosana na wamewekwa kiti moja kwa mat. Ni vile vile kwa T na A, W na A, V na A. Dizaina lazima azisukume zikaribiane, hiyo kazi inaitwa kerning, na wenye hutoa fonti za bure wengi huiruka. Kizungu kinaweza vumilia. Sisi je? Sisi bila YA, WA na TA hatuwezi hata kuitisha chai.

Sasa vibox. Wasee wa fonti duniani huviita tofu, juu vinakaa zile cubes za soya. Herufi ikikosekana ndani ya file, programu inakuwekea tofu. Google walipotengeneza fonti ya lugha zote wakaiita Noto, maana yake no tofu. Hiyo si story ya kijiwe, ni hapo jina ilitoka. Mimi nilimwelezea jamaa wa smocha, nikidhani nampoza. Akashtuka. "Ati bango yangu inasema nauza tofu?" Buda, siku hiyo sikupewa kachumbari.

Toa ile neno free kwa mfuko sasa. Ndani ya ile zip kulikuwa na ka-file ka maandishi, kale hakuna mtu hufungua. Mimi nilikafungua wiki moja baada ya msiba. Kanasema hii ni demo, ya matumizi yako binafsi. Ukitaka kufanyia biashara, lipa dola thelathini. Na juu ni demo, mwenye fonti alikuwa ametoa alama kadhaa makusudi: hakuna mshazari, hakuna alama ya sawa sawa. Yaani ile "/=" yetu, yenye kila mama mboga anaandika kwa katoni bila kufikiria, ndio ilikuwa imefungiwa nje. Kwake California hiyo alama ni ya hesabu. Kwetu ni bei ya nyanya. Dola thelathini ni karibu ngiri nne, smocha themanini. Nani ako na smocha themanini?

Na hiyo bei ni ya kompyuta moja pekee. Ukitaka kuiweka kwa website, leseni ingine. Kwa app, ingine tena. Landlord ana huruma kuliko hawa.

Lakini usilie, kuna za bure za ukweli. Google Fonts imejaa. Bangers, inakaa komiki mtu akipigwa ngumi. Luckiest Guy, nono, ya matangazo ya Marekani ya miaka ya hamsini. Chewy, jina limemaliza. Bungee ndio noma, David Jonathan Ross aliichora ya mabango ya barabarani kabisa, inaweza simama wima na iko na layer za kivuli na outline. Hizo unaweka kwa biashara na hakuna mtu atakutumia email. Kabla ya kuprint yoyote, andika hii kwanza: NG'OMBE WA MTAA 50/=. Iko na ile apostrofi ya ng', iko na WA, iko na TA, iko na A mbili zimepakana, iko na bei. Fonti ikipita hapo, imepita Nairobi. Ikifeli, irudishe kwao.

Hii maneno ya kuiga mkono si ya jana, by the way. Mwaka wa 1923, Offenbach, Ujerumani, jamaa anaitwa Rudolf Koch alitoa fonti inaitwa Neuland kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor. Hakuchora kwanza. Alishika chuma akakata straight, saizi baada ya saizi, ndio maana A ya saizi kubwa haifanani sawa sawa na A ya saizi ndogo. Nono, nyeusi, kona kona. Huyo ndiye alikuwa mkono wa ukweli. Sasa cheki venye life huzunguka: herufi za Mjerumani zikageuka eti ndio fonti ya Afrika. Logo ya Jurassic Park, 1993, staili hiyo. Sawa, hao ni dinosaur. Lion King ya Broadway, 1997, staili hiyo. Halafu brochure za safari, menyu za lodge, pakiti za kahawa, duka za vinyago. Ukitaka kuuzia mzungu kitu chochote yenye iko na twiga, hiyo herufi inajileta yenyewe. Shosh yangu ni Mwafrika tangu azaliwe na hajawahi andika hivyo hata siku moja. Anaandika kwa mlazo, vizuri kabisa, venye mwalimu wa mission alimfunza na kiboko.

Fathe naye alipita kuona bango. Karani mstaafu, amevaa ile jacket ya harambee. Akatulia, akasafisha miwani, nikajua sasa nitapewa heshima yangu. "Wewe kijana," akasema. "Ni chakula CHA mtaa."

Hiyo tu. A sita ziko na vidonda, bei ni tofu, na mzae ameona ngeli. Halafu akaongeza kwamba kitu ya maana huandikwa na Times New Roman. Fathe, hiyo ni fonti ilichorewa gazeti la London, ikaanza kuchapwa 1932, na unaitetea ni kama uliizaa wewe. Ni huyu huyu alipanga kadi ya harusi ya cuzo na Monotype Corsiva yote, hadi namba za simu, wageni wakapigia watu hawajulikani. Wazae wana fonti mbili tu duniani: ya barua ya kufutwa kazi, na ya kadi ya harusi. Katikati hapo kuna WordArt ya rainbow, ile ya harambee ya kanisa, yenye imepinda ni kama imepitia roundabout.

Hata Comic Sans ilizaliwa juu ya hiyo akili. Mwaka wa 1994 Vincent Connare wa Microsoft aliona mbwa wa katuni ndani ya programu anaongea kwa Times New Roman. Mbwa! Anaongea ni kama wakili wa shamba. Connare akachora kitu yenye mbwa anaweza kusema bila kuona haya. Shida si fonti. Shida ni watu waliichukua kutoka kwa mbwa wakaipatia headmaster. Na 2010, LeBron wa basketball alipohama Cleveland, mwenye timu, Dan Gilbert, akaandika barua ya hasira, na akaiweka Comic Sans. Alikuwa analia machozi ya ukweli. Dunia ikacheka herufi. Hakuna mtu anakumbuka hoja.

So usiweke fonti nono kwa kitu yenye inauma. Msiba, zii. Notisi ya rent, zii. Kuna boy wetu aliweka kwa CV, jina lake juu kabisa nono, halafu "PROFESSIONAL EXPERIENCE" nono pia. Ilikaa menyu ya juice. Hakuitwa. Kunenepa ni kupiga kelele, na kelele ni ya maneno matatu, manne ukijikaza. Jina la base, basi. Zingine zote weka fonti ya kawaida, tulivu, yenye hakuna mtu ataiona. Ukiandika paragraph nzima na fonti nono unakuwa ule msee wa mat anaongea na simu kutoka Rongai hadi tao.

Na till number, tafadhali, kaa mbali. Kwa fonti nono 3 na 8 ni cousins, 6 na 0 wanashare nguo. Vile vishimo vya ndani ya herufi hujaa wino ukipunguza saizi. Mteja atatuma finje yake, itaenda kwa duka la magodoro Kitengela, na utaanza kubembeleza mtu usiyemjua akurudishie.

Kama unataka mkono wa ukweli, uko. Ingia garage yoyote yenye nganya zinapakwa. Hao ndio maprofessor. Walipigwa chini 2004 wakati sheria za waziri Michuki zilileta laini ya yellow na graff ikafutwa, mats zote zikakaa ambulance ya kaunti maskini. 2014 Uhuru, rais wa wakati huo, akasema vijana waachwe wachore, rangi ikarudi. Jamaa hapimi na ruler. Anaweka masking tape, anapiga outline, anajaza, anatupia kivuli, halafu mwisho anadondosha kale ka-shine ka white kwa kona, ni kama herufi imetoka kuoga. Na anajua kazi yake iko wapi: isomwe na msee anakimbia, saa moja jioni, mvua inanyesha, donda anampigia kelele. Ukiweka hapo fonti nyembamba ya startup, huyo mtu amelala stage.

Nilisimama na mmoja wao siku moja akichora jina kwa kioo ya nyuma. Jina lilikuwa na A nne. Ya kwanza ilikuwa pana, ya mwisho ilikuwa imebanwa juu nafasi ilimuishia, akaificha mguu chini ya kivuli na ikaweza kuliko zote. Nikamuuliza kama anaweza kunichorea A mbili zenye zinafanana kabisa, nione tu. Akaniangalia ni kama nimemtusi mathe.

"Kwani mimi ni photocopy?"

Huyo jamaa bei yake si ya smocha. Lakini kuna wadogo zake, wale wa kuchora vibanda na brashi na mkebe wa gloss, wenye wanaandika KINYOZI kubwa halafu ukuta unaisha na "& SALOON" inakaa kwa kona ni kama mtoi amekaliwa. Hao unaongea nao, mnaelewana, na hawana file ya readme. Kama ningejua ningempatia mmoja ile ngiri ya kuprint na tungekuwa na A sita, kila moja na mama yake. Halafu angeandika "/=" bila hata kuinua kichwa.

Nilimwambia jamaa wa smocha nitengeneze ingine, bure. Amekataa. Anasema watu wanasimama kupiga picha vibox, na mtu akisimama karibu na smokie zinatoa moshi, hawezi ondoka hivi hivi. Mtoi wa grade four naye hupita kila jioni anazihesabu, A moja hadi sita, kwa sauti, ndio nisikie.

Kwa hivyo ukishuka hapo stage na njaa, smocha ni finje. Usisome bango. Uliza.